Kufuli la meseji zako: nani aweze kulifungua, na ufanye nini ukipokea picha ya uhalifu

Tuseme ni saa mbili usiku. Uko katika kituo cha muda cha Nkamira, au umepanga chumba Mbugangari, karibu na Petite Barrière. Simu inalia. Katika grupu la WhatsApp la watu wa kwenu imeingia video: msichana mdogo, labda wa miaka kumi na miwili, anavuliwa nguo kwa nguvu. Chini yake mtu ameandika kwamba isambazwe mpaka mwenye kufanya hivyo ajulikane. Watu watatu wameshaipeleka kwenye magrupu mengine.

Mfano huu tumeutunga, lakini hapa Rubavu hautamshangaza mtu yeyote mwenye simu. Maswali mawili hufuata. La kwanza: kwa nini kampuni ya WhatsApp haikuizuia video hiyo kabla haijakufikia? La pili: wewe ufanye nini sasa?

Jibu la swali la pili ni fupi: usiisambaze, iripoti. Kama umepokea kitu cha namna hiyo leo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu yenye kichwa "Ufanye nini" hapo chini. Jibu la swali la kwanza ni refu zaidi, kwa sababu kinachoificha video ile ndicho hichohicho kinachoyaficha mambo yako wewe.

KUFULI LINAFANYAJE KAZI

SMS ya kawaida ni kama barua isiyotiwa kwenye bahasha. Kampuni ya simu inayoipitisha inaweza kuisoma. WhatsApp ni tofauti. Tangu Aprili 2016 kila meseji, picha na simu ya sauti inayopita huko hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Wataalamu wanaita jambo hilo usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Sisi hapa tutaliita kufuli.

Fikiria una makufuli mengi yaliyo wazi, na ufunguo mmoja. Makufuli unawagawia ndugu na marafiki. Ufunguo unabaki nao mwenyewe. Dada yako aliyeko kambi ya Kigeme akitaka kukuandikia, anaweka barua ndani ya sanduku na kulifunga kwa kufuli lako. Akishalibana, hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Sanduku hilo litapita kwenye minara ya simu na kwenye kompyuta za kampuni zilizo ng'ambo, lakini mwenye ufunguo ni wewe peke yako. Simu hufanya kazi hii yenyewe, bila wewe kubonyeza chochote.

Kuna mambo matatu ambayo watu wengi huyakosea.

Kwanza, si kila programu ina kufuli hili. WhatsApp na Signal hufunga mazungumzo yote. Messenger ya Facebook ilianza kuyafunga mazungumzo ya watu binafsi bila wao kuomba Desemba 2023. Telegram haifungi namna hiyo mazungumzo yake ya kawaida wala magrupu. Inafunga tu mazungumzo ya siri ambayo unayawasha wewe mwenyewe. SMS haina kufuli hili kabisa.

Pili, kufuli linaficha barua, halifichi bahasha. Kampuni inaweza kujua ulimwandikia nani na saa ngapi, hata kama haijui ulimwambia nini.

Tatu, kufuli linalinda njia, halilindi simu. Mtu akiishika simu yako ikiwa wazi, ameshika ufunguo. Mwaka 2019 WhatsApp ilitangaza kwamba watu wapatao 1,400 walikuwa wamelengwa na programu ya kijasusi iitwayo Pegasus, iliyotengenezwa na kampuni ya Israeli, NSO Group. Hakuna aliyevunja kufuli. Programu hiyo iliingia ndani ya simu yenyewe, mahali ambapo barua imekwisha kufunguliwa.

KWA NINI MKIMBIZI ANAHITAJI KUFULI

Utasikia watu wakisema: mimi sina la kuficha. Hebu jiulize ulichotuma kwa simu tangu ulipovuka mpaka. Labda ulimweleza mwanasheria kwa nini ulikimbia na nani alikutishia. Labda ulimtumia muuguzi picha ya kidonda cha mtoto. Labda ulimwambia mama mdogo aliyebaki Masisi mahali watoto walipolala usiku huo. Labda uliandika jambo lililokupata njiani ambalo hata mume wako hujamwambia.

Januari 2025, mapigano ya Goma yalipofika mpakani na makombora kuanguka hata upande huu wa Rubavu, watu walitafutana kwa simu. Majina, sehemu za kujificha na njia za kupita vyote viliandikwa kwenye meseji. Taarifa za namna hiyo zikiangukia mikono mibaya, anayeumia si lazima awe wewe. Anaweza kuwa yule uliyemwacha nyuma.

Wala si lazima mikono mibaya iwe ya jirani. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia kwenye kompyuta zinazotunza taarifa za watu zaidi ya 515,000 duniani. Wengi wao walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, majanga au uhamiaji, waliopotea na jamaa zao, na waliofungwa. Hizo ni taarifa za aina ileile anayotoa mtu hapa anapomtafuta mtoto aliyepotezana naye. Zilikusanywa kwa nia njema na shirika linaloheshimika, na bado zilifikiwa na watu wasiojulikana. Sisi wa mashirika tulijifunza kitu hapo: taarifa ambayo mtu wa kati hana, hawezi kuibiwa. Kufuli la mwisho hadi mwisho linamfanya mtu wa kati asiwe nayo.

KWA NINI WENGINE WANATAKA MESEJI ZIKAGULIWE

Wanaotaka ukaguzi nao wana hoja nzito, na si haki kuwaona wote kama wapelelezi.

Hoja yao ya kwanza ni watoto. Picha ya mtoto anayenajisiwa haiishi siku ile ya tendo. Kila inapotumwa tena, mtoto yule anaumizwa tena, hata akiwa mtu mzima. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft na profesa Hany Farid, wakati huo akiwa chuo cha Dartmouth, Marekani, walitengeneza programu ya PhotoDNA. Programu hiyo huigeuza picha kuwa mfululizo wa namba, kama alama ya kidole. Picha ya uhalifu ikishapatikana mara moja, alama yake huwekwa kwenye orodha. Popote picha hiyo inapojitokeza tena, kompyuta huitambua bila mtu kulazimika kuitazama.

Njia hii imeleta matunda. Kituo cha Marekani kinachopokea taarifa hizo, NCMEC, kilipata ripoti milioni 36.2 mwaka 2023, na karibu zote zilitoka kwa kampuni za intaneti. Baadhi ya ripoti hizo zimewafikisha polisi kwenye nyumba ambamo mtoto alikuwa bado anateswa. Lakini kampuni haiwezi kulinganisha alama ya picha isiyoweza kuiona. Ndiyo maana watetezi wengi wa watoto walisikitika Facebook ilipofunga Messenger.

Hoja ya pili ni chuki. Katika nchi hii hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba maneno yanaua. Redio RTLM ilitangaza hadharani mwaka 1993 na 1994, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani baadhi ya waanzilishi wake. Leo maneno ya kuwaita watu nyoka au wavamizi hayahitaji mnara wa redio. Yanapita kwenye magrupu, na kati yenu mnaosoma hapa wapo waliofukuzwa makwao baada ya maneno hayo kuenea.

Kwa hiyo swali si kama uhalifu huo upo. Upo. Swali ni kama dawa yake ni kusoma meseji za watu wote.

KENYA ILIVYOFANYA

Afrika Mashariki imekwisha kukutana na swali hili, hata kabla ya kufuli la WhatsApp. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa. SMS za chuki zilizunguka zikitaja makabila na kuhimiza watu wafukuzwe. Serikali ilifikiria kuzima SMS nchi nzima. Mwishowe hazikuzimwa; kampuni ya Safaricom iliwatumia wateja wake ujumbe wa kuhimiza amani.

Uchaguzi uliofuata, wa Machi 2013, ulitayarishwa mapema. Mwaka 2012 ziliwekwa kanuni kuhusu SMS za kisiasa zinazotumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Aliyetaka kutuma ujumbe kama huo kwa maelfu ya watu alipaswa kujitambulisha na kuwasilisha maneno yake yakaguliwe kwanza. Ujumbe wa matusi au uchochezi ulikataliwa.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Ukaguzi ule wa mapema uliwekwa kwa mwenye kipaza sauti, yaani yule anayesema na maelfu kwa mara moja. Mama aliyemwandikia mwanawe hakutakiwa kupeleka meseji yake ofisini isomwe kwanza. Kuna mpaka kati ya barua na kipaza sauti, na mpaka huo unatusaidia hata leo. Grupu la watu mia saba, wengi wao hawajuani, linakaribia redio kuliko linavyokaribia barua.

KUKAGUA KABLA YA KUFUNGA

Mjadala wa sasa umekwenda mbali zaidi. Kwa kuwa sanduku likishafungwa halifunguki njiani, wengine wamependekeza ukaguzi ufanyike ndani ya simu, kabla ya kufunga. Ni kama askari kukaa nyumbani kwako, akasoma kila barua unapoiandika, kisha akakuruhusu kuitia kwenye bahasha. Bahasha inabaki imefungwa, ni kweli. Lakini siri haipo tena.

Agosti 2021 kampuni ya Apple ilitangaza mpango wa kulinganisha picha ndani ya simu za iPhone na orodha ya picha za watoto walionajisiwa, kabla hazijapelekwa kwenye hifadhi yake ya iCloud. Wataalamu wengi wa usalama walipinga. Apple iliahirisha mwezi uliofuata, na Desemba 2022 ikauacha mpango huo. Mei 2022 Tume ya Ulaya nayo ilipendekeza sheria ambayo ingeweza kuzilazimisha kampuni za meseji kutafuta picha hizo, na nchi za Ulaya zimevutana juu yake kwa miaka.

Wanaopinga wanataja hatari tatu.

Ya kwanza ni mashine kukosea. Kulinganisha picha na orodha inayojulikana hukosea mara chache. Kukisia picha mpya, ambayo haijawahi kuonekana, ni jambo jingine. Chukua hesabu hii ya mfano tu. Picha milioni 1 zinapita, na kati yake 100 ni za uhalifu. Mashine inakamata 90 kati ya hizo. Ni kazi nzuri. Lakini ikikosea mara moja tu kwa kila picha 1,000 za watu wasio na hatia, itawashuku karibu watu 1,000 bure. Kati ya picha 1,090 zilizokamatwa, zaidi ya tisa katika kila kumi ni za wasio na kosa.

Mambo haya yametokea kweli. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco, Marekani, alipiga picha sehemu za siri za mtoto wake mgonjwa kwa ajili ya daktari. Mashine za Google ziliishuku picha hiyo. Akaunti yake ilifungwa, polisi wakamchunguza. Polisi walisema hana kosa, lakini Google haikumrudishia akaunti. Alipoteza barua pepe, picha na namba yake ya simu. Sasa fikiria mkimbizi anayemtumia muuguzi picha ya mtoto mwenye utapiamlo, au anayetunza video ya mauaji ya kijijini kwake kama ushahidi. Yule baba alikuwa na wakili na gazeti la kumsikiliza. Wewe ungemwendea nani?

Hatari ya pili ni orodha kuongezwa. Mashine haijui maana ya inachokitafuta. Inatafuta chochote ilichopewa. Leo imepewa picha za watoto walionajisiwa. Kesho mwenye mamlaka, katika nchi yoyote, anaweza kuongeza bango la maandamano au picha ya kiongozi wa upinzani. Atakayetafutwa hataiona orodha hiyo.

Ya tatu ni kwamba mlango ukishatobolewa hauchagui anayepita. Tundu alilowekewa polisi hutumiwa pia na mwizi na mpelelezi wa adui. Februari 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Podchasov dhidi ya Urusi iliyohusu Telegram, iliona kwamba kulazimisha kampuni kudhoofisha usimbaji huo kungewagusa watumiaji wote, hata wasioshukiwa kosa lolote, na kwamba hilo limezidi kipimo katika nchi ya kidemokrasia.

ALIYEPOKEA NDIYE MWENYE UFUNGUO

Je, basi tuwaache watoto na wanaochochewa waangamie ili siri zetu zibaki? Hapana. Rudi kwenye sanduku na kufuli. Tulisema hakuna awezaye kulifungua ila mpokeaji. Hilo lina maana kwamba kila video ya uhalifu inayoingia kwenye grupu imefunguliwa tayari na watu wote wa grupu hilo. Kampuni haioni, polisi haoni, lakini wewe umeona. Ukiripoti ulichotumiwa, kufuli la mtu mwingine halijavunjwa. Umetumia ufunguo wako mwenyewe.

WhatsApp imejengwa hivyo. Ukimripoti mtu au grupu, kampuni hupokea hadi meseji tano za mwisho alizokutumia, na yeye haambiwi. Vivyo hivyo kwa kusambaza: Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza meseji kwa mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na Aprili 2020 ikaweka mazungumzo mamoja tu kwa meseji iliyokwisha kusambazwa mara nyingi. Hapo kinachohesabiwa ni mara ngapi meseji imesambazwa. Hakuna anayeisoma.

Njia hii ina upungufu wake. Kama mtumaji na mpokeaji wote ni wahalifu, hakuna atakayeripoti, na hapo kazi hubaki kwa wapelelezi kwa njia zao za kawaida. Lakini video inayozunguka kwenye magrupu ya wazazi, meseji ya kuchochea chuki, vitisho vya mtu anayemdai binti fedha ili asisambaze picha zake: vyote hivi vina mpokeaji asiye na hatia. Akinyamaza, au akisambaza kwa hasira, hakuna mashine itakayoziba pengo lake.

SHERIA ZINASEMAJE

Katiba ya Rwanda, ibara ya 23, inalinda faragha ya mtu, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake. Sheria Na. 60/2013 inaeleza utaratibu wa vibali kwa vyombo vya usalama kusikiliza mawasiliano. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi, na inakupa haki ya kujua kwa nini taarifa zako zinachukuliwa, kuziona na kudai zirekebishwe.

Upande wa pili, Sheria Na. 60/2018 kuhusu makosa ya mtandao inaadhibu pamoja na mengine kutisha watu kwa simu au kompyuta na kueneza uvumi unaoweza kuleta hofu au vurugu. Sheria ya ulinzi wa mtoto, Na. 71/2018, inaadhibu picha za ngono za watoto. Itikadi ya mauaji ya kimbari ina sheria yake, Na. 59/2018. Sheria hizi zinamhusu kila aliye katika ardhi ya Rwanda, mwenyeji na mkimbizi. Kusema "mimi nilisambaza tu" si kinga ya kutegemea.

Ukivuka kwenda Goma, sheria inabadilika hata kama laini ya simu ni ileile. Kongo ina sheria yake ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023.

UFANYE NINI

Ukipokea picha au video ya mtoto anayenyanyaswa, maneno ya kuchochea mauaji, au vitisho:

1. Usisambaze, hata kwa nia ya kuonya wengine au kumtafuta mhalifu. Mtoto yule ana jina na ana mama. Wanaoweza kumtafuta mhalifu ni wachunguzi, si magrupu.

2. Andika kwenye karatasi namba iliyotuma, jina la grupu, tarehe na saa. Kama ni vitisho au maneno ya chuki, piga picha ya skrini na usifute meseji, kwa sababu ni ushahidi. Kama ni picha ya ngono ya mtoto, usiipige picha wala kuinakili.

3. Ripoti ndani ya programu. Kwenye WhatsApp, bonyeza meseji bila kuachia, au fungua jina la mtumaji au la grupu, kisha chagua kuripoti.

4. Mwambie mtu anayehusika. Kama uko kituoni au kambini, mwone mfanyakazi wa ulinzi wa watoto au wa masuala ya unyanyasaji wa kijinsia. Kama unaishi mjini, piga simu bila malipo: Idara ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) kwa 166, au simu ya msaada kwa watoto kwa 116. Aliyefanyiwa ukatili anaweza pia kwenda kituo cha Isange One Stop Centre kilicho katika hospitali ya wilaya. Hapo hupata tiba, ushauri na msaada wa kisheria pamoja.

5. Kama mtu anatishia kusambaza picha zako za utupu, usimlipe. Anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Kosa ni lake, si lako, na hata kama picha ulimpa wewe mwenyewe, unaweza kushtaki.

6. Ukitumiwa ujumbe unaoahidi kukupeleka Canada au Marekani ukilipa fedha, huo ni utapeli. Huduma za UNHCR ni bure. Ripoti namba hiyo pia.

LINDA UFUNGUO WAKO

- Weka namba ya siri ya kufungua simu. Kama simu ni ya familia nzima, weka namba ya siri kwenye WhatsApp pekee.

- Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Tarakimu sita zinazokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa shirika.

- Angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye akaunti yako. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

- Nakala ya akiba inayohifadhiwa Google haina kufuli la mwisho hadi mwisho mpaka uliwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Ukiliwasha, usisahau neno la siri, maana hakuna atakayeweza kukurudishia.

- Zima upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe. Utaokoa bando, na video ya uhalifu haitajihifadhi kwenye simu yako bila wewe kujua.

- Kabla ya safari, fikiria nani anaweza kuishika simu yako njiani. Usitembee na picha za watu ambazo zinaweza kuwaponza.

KWA VIONGOZI WA MAGRUPU NA WATOA HUDUMA

Kama unasimamia grupu, wewe ndiye mwenye kipaza sauti. Waambie wanachama mapema kwamba picha za watoto na maneno ya chuki havikubaliki, na umwondoe anayerudia. Video ikishaingia, ifute kwa wote baada ya kuandika namba na saa. Grupu likiwa kubwa, ruhusu wasimamizi peke yao kutuma.

Sisi wa mashirika nasi tuna la kujirekebisha. Orodha ya majina, namba za simu na namba za familia haina nafasi kwenye grupu la WhatsApp, hata kama ni ya kugawa mablanketi. Kufuli halisaidii kitu barua ileile ikisomwa na watu mia mbili. Ukiona mfanyakazi wa shirika ametuma orodha kama hiyo, una haki ya kumwomba aifute na kumuuliza kwa nini aliituma.

Turudi kwenye ile saa mbili usiku. Video iko kwenye simu yako, na watu watatu wameshaituma mbele. Kampuni haijaiona na polisi hawajui. Usiku huo uamuzi ni wako: utakuwa wa nne, au utapiga 116.

Maelezo haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria. Kama una swali kuhusu taarifa zako au kuhusu meseji uliyopokea, fika kwenye dawati la ulinzi lililo karibu nawe. Huhitaji kulionyesha grupu lako lote. Eleza tu kilichotokea.